Nataka kusomea viumbe visivyojulikana na mambo ya ghaibu chuo kikuu: nichague kozi gani?

mjukuu_wa_nahodha (Faza)

Assalaam aleikum jamaa zangu,

Mimi ni kijana wa Faza, nimemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Nilipata B ya jumla, biolojia B+, Kiswahili A, hisabati C+. Kwa sasa niko nyumbani, asubuhi naenda baharini na babu, na nangojea KUCCPS, wale wanaotupangia nafasi za vyuo, wafungue tuchague kozi.

Babu amekuwa nahodha tangu ujana wake. Nimekua nikimsikiliza barazani akihadithia. Kuna taa iliyoandamana na mashua yao usiku kucha nje ya Kiwayu, wakisimama nayo inasimama, mpaka mabaharia wakasoma Ayatul Kursiy. Kuna nguva waliyemkuta mkondoni na mtoto wake. Na kuna samaki mmoja aliyenasa kwenye jarife la papa, mweusi wa kukaribia buluu, magamba magumu, mapezi yamesimama juu ya vikonyo kama mikono ya mtoto. Walimtupa kwa sababu hapana aliyejua kama analika. Wenzangu wakisikia hucheka. Mimi nataka kuyasomea mambo haya hasa, niyajue kwa kina.

Nimesoma kuwa kuna elimu inaitwa kriptozuolojia, ya wanyama wanaosimuliwa na watu lakini sayansi haijawathibitisha, na nyingine inaitwa parasaikolojia, ya mambo ya ghaibu kama mtu kujua yaliyofichika bila kuona. Nimeona chuo cha mtandaoni kinatoa diploma ya zote mbili kwa miezi mitatu. Karo ni elfu arobaini na tano, yote kwa mkupuo. Mama yuko tayari kuuza mbuzi.

Je, kuna chuo kikuu cha kweli kinachofundisha mambo haya? KUCCPS wakifungua nijaze nini? Na kidini je, kuna ubaya? Naomba majibu ya dhati, nimeshachekwa vya kutosha.

mtu_wa_Langoni (Lamu)

Wa aleikum salaam mwanangu. Mbuzi wa mamako wasiuzwe, hilo la mwanzo.

Kwa upande wa dini nitasema machache. Majini ni viumbe, wametajwa, na sura ya 72 imeitwa kwa jina lao. Lakini kuamini kuwa wapo ni jambo moja, na kwenda kuwatafuta ni jambo jingine. Kijana akianza kuzunguka kwa waganga akisema anafanya utafiti, leo ataambiwa alete ubani, kesho kuku, na baada ya hapo keshakuwa mteja. Hilo nakukataza kama ninavyomkataza mwanangu wa kumzaa. Ama kuwajua wanyama wa baharini na wa msituni, hiyo ni elimu. Na kusikiliza watu wasemayo ukayaandika kwa uaminifu, mimi sioni ubaya wake. Muulize pia imamu wenu hapo Faza.

bi_samaki (Malindi)

Salaam mdogo wangu. Nilisomea biolojia ya bahari na uvuvi Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na kazi yangu hapa Malindi ni kuandikisha samaki wanaposhushwa: aina, urefu, uzito, chombo, mtego. Swali lako ndilo lililonipeleka chuo, kwa hivyo nivumilie nikiandika kirefu.

Hakuna chuo kikuu kinachotambuliwa kinachotoa shahada ya kriptozuolojia. Si Kenya, si Uingereza, si Marekani. Cheti cha miezi mitatu kinachokuja kwa barua pepe hakitakufungulia maabara wala hakitakupa kibali cha utafiti. Na tazama walioanzisha somo lenyewe walitoka wapi. Bernard Heuvelmans, Mbelgiji anayeitwa baba wa kriptozuolojia, alikuwa mwanazuolojia. Tasnifu yake ya udaktari ya 1939 ilihusu meno ya mhanga, huyu huyu mhanga anayebomoa vichuguu vya mchwa huku kwetu. Alianza kwa kukaa na meno ya mnyama anayejulikana, na mwaka 1955 ndipo akatoa kitabu chake cha wanyama wasiojulikana. Mwaka 1982 wakaunda jumuiya ya kimataifa huko Washington, yeye akiwa rais, na nembo yao ikawa okapi, mnyama wa misitu ya Kongo aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1901 ilhali wenyeji wa msitu walikuwa wakimjua siku zote. Ilipofika 1998 jumuiya ikafa kwa kukosa pesa. Zuolojia haijafa, na mlango wako ni huo.

Sasa tuje kwa samaki wa babu, maana hapo ndipo nilipokaa kitako.

Soma habari za samaki aitwaye silikanti, ambaye mapezi yake nayo yamekaa juu ya vikonyo. Wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe, wakaamini ametoweka duniani tangu miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 meli ya kukokota nyavu ikashusha mmoja East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba dogo la makumbusho pale, akamtoa kwenye rundo kwa sababu hakumfahamu, akamchora, akampelekea mchoro J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki. Smith akatangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayemletea wa pili, na karatasi zake zikasambazwa pwani yote hii ya Afrika. Alingoja mpaka 1952, akapatikana Anjouan, Komoro. Na kule wavuvi walikuwa na jina lake kitambo, gombessa. Walikuwa wakimpata mara moja moja kwenye mishipi yao ya usiku.

Sasa sikiliza la kwetu. Mwaka 2001 silikanti alivuliwa nje ya Malindi hapa, na meli ya kukokota nyavu, wa kwanza kurekodiwa Kenya. Mwaka uliofuata wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wakaandika makala ya kisayansi juu yake. Kisha kuanzia 2003 wavuvi wa Tanga wakawa wanawapata kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu, tena wengi, mpaka Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Atakayekwambia hadithi za wavuvi ni porojo, mtajie huyo.

Hata hivyo sisemi kuwa samaki wa babu alikuwa silikanti. Kujizuia kusema ndiyo kazi unayotaka kujifunza. Kuna samaki wa mafuta, Ruvettus kwa jina la kitaalamu. Ni mweusi, ngozi yake inakwaruza, na anakaa kina kile kile. Kwa hivyo kamuulize babu, ila usimtie maneno mdomoni na usimwonyeshe picha kwanza. Mkia ulikuwaje? Silikanti mkia wake una sehemu tatu, katikati kumechomoza kijimkia kidogo chenye pindo lake peke yake, na sijapata kumwona samaki mwingine wa hivyo. Mapezi ya mgongoni yalikuwa mangapi? Jarife lilikuwa pima ngapi, na chini ni mwamba au tope? Mwezi ulikuwaje? Andika kwa maneno yake mwenyewe, utie tarehe na nani alikuwapo akikuhadithia. Kama yuko baharia mwenzake aliye hai, muulize naye peke yake, kabla hawajakutana kukumbushana. Mwisho kabisa weka mbele yao picha za samaki kadhaa, silikanti awe mmoja tu kati yao, uwaache wachague wenyewe bila wewe kuangalia ile unayoitaka.

Hapa kwetu akishushwa samaki nisiyemjua, wachuuzi wanataka kumtia kisu upesi. Namwomba mwenyewe anipe nafasi kidogo. Namlaza kichwa upande wa kushoto, naweka rula chini yake, nanyoosha mapezi yote kwa vidole ili miiba ihesabike, ndipo napiga picha. Nakata kipande cha pezi kisichozidi ukucha, natia kwenye kichupa cha spiriti kwa ajili ya DNA. Jina alilolitaja mvuvi naliandika kabla ya jina la kitabuni, kwa tahajia ya matamshi yake, hata kama nadhani amekosea. Mara nyingi mvuvi ana majina mawili pale ambapo kitabu changu cha zamani kina moja.

Nchi kavu nako usipapuuze. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu na mji wetu, na kibundi cha Sokoke, mdogo wa kutosha kiganjani, hakujulikana na wanasayansi mpaka 1965. Na huko kwenu Lamu, msitu wa Boni na Dodori, watafiti walitega kamera za kujipiga zenyewe mnyama apitapo, wakanasa picha za mnyama mwenye pua ndefu, sange mkubwa wasiyemtambua. Habari zikatangazwa 2010. Baadaye DNA ikaonyesha ni ndugu wa karibu wa sange wa Arabuko-Sokoke, yule mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Hilo lilitokea ukiwa tayari umezaliwa, mdogo wangu, msituni mwa kaunti yako.

Nguva hahitaji kuthibitishwa, anahitaji kuhesabiwa. Amebaki kidogo mno Kenya. Anakula nyasi za bahari na kuacha vichochoro katika malisho, na jike hukaa miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena, kwa hivyo anayekufa wavuni hafidiwi upesi. Mimi nyaraka za nguva zinaniuma kuzisoma. Ukitaka jambo la kulishughulikia maisha yako yote, hilo lipo mlangoni kwenu.

Na wale viumbe mashuhuri wa nje? Wamefuatiliwa vyuo vikuu, lakini na watu wa jenetiki. Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, aliongoza kazi ya kuchota maji ya Loch Ness kule Scotland, ziwa linalosemwa lina mnyama mkubwa, mwaka 2018, wakachuja chembe za DNA zinazoachwa na kila kinachoishi majini. Majibu yalitoka 2019: mikunga tele, hakuna mtambaazi mkubwa. Mwaka 2017 Charlotte Lindqvist wa Chuo Kikuu cha Buffalo alipima vipande 9 vilivyosemwa ni vya yeti, yule mtu-nyani anayesimuliwa milima ya Himalaya: vinane dubu, kimoja mbwa. Usivunjike moyo kwa majibu hayo. Kutokana na kazi ile nasaba za dubu wa Himalaya zimejulikana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Na njia ile ile ya kuchuja maji inaweza kumtafuta silikanti au nguva bila kutega jarife.

Kwa hivyo jaza biolojia ya bahari, au zuolojia, au usimamizi wa wanyamapori. Hisabati yako ishughulikie tangu sasa, maana takwimu utakutana nazo mwaka wa kwanza.

mwalimu_wa_Mkomani (Lamu)

Bi Samaki amemaliza ya baharini. Nami nataka kusema juu ya taa ya Kiwayu, kwa sababu kijana ameuliza mawili na la pili lisiachwe.

Parasaikolojia imewahi kuwa na viti vyuo vikuu. J.B. Rhine aliendesha maabara Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, tangu miaka ya 1930, akiwapima watu kama wataweza kuzitaja kadi 25 bila kuziona, kila kadi ikiwa na alama moja kati ya tano. Anayebahatisha tu hupata 5 kwa wastani, na Rhine akadai wako waliozidi sana. Wengine wakarudia majaribio yake wasipate kitu, wakaonyesha pia mianya ya mtu kuiona kadi au kusoma uso wa anayeishika. Rhine mwenyewe shahada yake ya udaktari ilikuwa ya botania. Edinburgh nako kulianzishwa kitengo mwaka 1985 kwa mali iliyoachwa na mwandishi Arthur Koestler na mkewe, kikawekwa ndani ya saikolojia. Chuo Kikuu cha Virginia kina kitengo tangu 1967, mwanzilishi wake Ian Stevenson, tabibu wa akili. Kwa hivyo ukitaka njia hiyo, soma saikolojia kwanza, kisha uombe shahada za juu. Nafasi ni chache duniani kote, usidanganyike.

Lakini kwa mtu wa pwani mimi naona anthropolojia ni bora. Chukua jinamizi. Mtu anaamka usiku, macho yako wazi, kifua kimekandamizwa, hawezi kuinua kidole, na anaona kitu chumbani. Saikolojia inaeleza vizuri yanayotokea: ubongo umezinduka kabla mwili haujaachiliwa na usingizi. Haielezi kwa nini Pemba mwaka 1995 hofu ya popobawa, jini anayesemwa huwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilienea mpaka familia nzima zikalala nje pamoja. Martin Walsh, mwanaanthropolojia, aliishughulikia habari hiyo kwa makini, na pamoja na Helle Goldman wakaandika juu ya chui wa Unguja, ambao wenyeji husema wamefugwa na wachawi. Hapo mnyama, uchawi na siasa ya kumwinda vimefungana. Huwezi kuuliza kama chui bado yuko bila kuuliza watu wanasema ni wa nani. Janet McIntosh alifanya utafiti wake Malindi, juu ya Waswahili, Wagiriama na majini, na kitabu chake kikachapishwa 2009. Tena hao wote walijifunza lugha yetu na kukaa na watu. Wewe lugha umezaliwa nayo, na A yako ya Kiswahili si kitu kidogo katika kazi hii.

Kuna jambo ambalo watu wa Lamu wanastahili kulijua. William Hichens, afisa wa Kiingereza aliyekuwa Tanganyika, aliandika mwaka 1937 juu ya mngwa, paka mkubwa wa kijivu aliyesemwa anaua watu kule Lindi. Mwaka 1939 ni Hichens huyo huyo aliyeuchapisha utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa Pate, kisiwa chako. Mtu mmoja aliona kuwa hadithi za mnyama na tungo za mji ulioanguka zote zafaa kuhifadhiwa. Sisi wenyewe tungelifanya kabla yake, na bado tunaweza.

Sitaki uwe kama wale wanaokuja magofu ya Gedi na kamera za usiku kutafuta mizuka. Wanasimama juu ya mji wa mawe wenye misikiti na visima, wasiulize ni nani aliyevichimba.

Na hili nakuomba ulichukue kwa uzito. Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushutumiwa uchawi, mara nyingine nyuma ya shutuma kuna shamba. Ukija kuandika juu ya mambo haya usitaje jina la mzee, wala kijiji chake ikiwa ni kidogo. Usichapishe kuwa fulani ana majini. Sentensi moja ya mwanafunzi inaweza kumfikia mtu aliyekuwa akitafuta sababu.

mjukuu_wa_nahodha

Nawashukuru sana wote. Mama nimemwambia, mbuzi hawauzwi.

Jana usiku nilimuuliza babu kama alivyoelekeza Bi Samaki. Mkia haukumbuki, na alikataa kubahatisha. Jarife lilikuwa pima sitini na kitu, kwenye ukingo ambapo mwamba unakatika ghafla, nje ya Kiwayu, mwezi giza. Anakumbuka mafuta: anasema mbao za mashua ziliteleza mpaka wakazisugua kwa mchanga. Mwenzake mmoja yuko hai, amehamia Mokowe, nitamfuata wiki ijayo. Picha bado sijamwonyesha.

Naomba kuuliza mawili. Je, mafuta yale yana maana yoyote? Na nikichukua biolojia ya bahari, nitaweza baadaye kufanya utafiti wa hadithi za wavuvi pia, au ndiyo nimeshafunga mlango wa anthropolojia?

bi_samaki

Babu aliyekataa kubahatisha mkia ni shahidi mzuri, mpe salaam zangu. Mafuta hayaamui kitu, silikanti ana mafuta mengi na yule Ruvettus ndio kabisa. Kina na ukingo wa mwamba vinafaa kwa wote wawili. Andika hivyo hivyo: haijulikani. Huko Mokowe usimtajie mwenzake habari za mafuta, ngoja uone kama atayataja mwenyewe.

Mlango haufungi. Maarifa ya wavuvi yamekuwa sehemu ya utafiti wa bahari. Majina, misimu na mahali pa samaki hukusanywa kwa mahojiano na kulinganishwa na vipimo. Shahada ya pili unaweza kuelekea upande wowote kati ya hizo mbili. Ukitaka anthropolojia tangu mwanzo, Chuo Kikuu cha Nairobi wanayo, lakini fikiria gharama ya kuishi Nairobi. Linganisha pointi zako za klasta kwa kila kozi kabla ya kujaza, weka ya bahari chaguo la kwanza, na usiache nafasi yoyote tupu. Mkopo wa masomo wa HELB uombe mara tu ukipata barua ya chuo. Ukifika Kilifi tafuta chumba karibu na chuo kabla muhula haujaanza, na uje na miwani yako ya kupigia mbizi kama unayo.

mwalimu_wa_Mkomani

Na ile taa muulize pia, kwa mtindo huo huo: upande gani wa chombo, juu ya maji kiasi gani, upepo gani ulikuwa ukivuma, na nani aliyekuwa wa kwanza kusema ni jini. Mengine yote yanaweza kungoja mpaka ufike chuo, lakini babu zetu hawa hatuna hakika nao. Anza na huyo wa Mokowe, halafu njoo Mkomani, kuna wazee wawili watatu nitakuonyesha.